Tawi la Pemba la Mzee Yussuf

Pale Madungu ukimuulizia Mvietnamu huulizwi yupi, maana ni huyo mmoja. Zamani akiitwa Vinh. Wakomunisti walipoushika mji wa Saigon alikimbia kwa mashua, akafika London, na huko akamwona Bi Mize, muuguzi wa Kipemba, basi tena. Akasilimu, akawa Yussuf, na uzee ulipoingia mke akamleta kwao Pemba.

Kila tarehe thelathini Aprili wenzake wa London husimama mbele ya ubalozi wa Vietnam na bendera yao ya zamani, ya manjano yenye mistari mitatu myekundu, kuwalaani waliowatoa kwao. Mzee Yussuf naye husimama na yake, mbele ya kibaraza chake, peke yake. Ndilo tawi la Pemba hilo: mwenyekiti yeye, katibu yeye, na akitafutwa mwanachama ni yeye. Tena aligomea mchele wa gunia unaotoka Vietnam. Kugomea mchele wa gunia Pemba si mchezo. Miaka tisa mzee wa watu anakula muhogo na shelisheli, na harusini hurudi na njaa yake.

Mwaka huu ulitimia wa hamsini tangu Saigon kushikwa. London wakapiga simu: safari hii kila tawi litume picha ya watu wake. Mzee akakubali, mdomo ukishatangulia haurudi. Akaandika karatasi, akaibandika dukani: njooni alasiri, tuwakumbuke waliokufa Saigon.

"Karatasi haialiki mtu hapa," Bi Mize akamwambia. "Watu hualikwa mlango kwa mlango."

"London walikuwa wakija."

"Walikuwa hawana kazi."

Siku ikafika. Alasiri ikaswaliwa, mvua ikapiga ikaacha, njia tupu. Mzee kasimama na bendera yake mpaka kuku wamemzoea. Keshaanza kufikiri picha ya mtu mmoja itapigwaje ionekane ya wengi.

Mara akamwona Mzee Ame, jirani wa ukuta mmoja, kashika sinia lililofunikwa kawa, na nyuma yake mtaa mzima na majamvi. Karatasi walikuwa wameisoma. Walipofika kwenye "waliokufa" wakajua ni msiba, na msiba hauna mwaliko, huendewa.

"Pole, Mzee Yussuf," akasema Mzee Ame. "Miaka hamsini umefiwa, hata jirani hutuambii?"

Wanawake wakaingia ndani kwa Bi Mize, wanaume wakatandika majamvi. Kawa likafunuliwa. Wali.

"Mchele huu wa wapi?" mzee akauliza, taratibu.

"Wa gunia. Kwani kuna mwengine?"

"Ndio niliougomea mie. Ni wa wale wale Wakomunisti."

"Basi kaa tuwalie mchele wao, uwaishie," akasema Mzee Ame, akimpa maji ya kunawa.

Mzee akawatazama watu wale, na tope lao miguuni. Akanawa, akala.

Kisha wakasimama naye wote njiani. Haitham wa dukani akapiga picha za video. Mzee akapaza sauti kwa Kivietnamu, akiwaapiza Wakomunisti, akiwataja kwa majina ndugu zake waliozama baharini. Kila alipovuta pumzi watu wakaitika, "Amina."

London wakapiga simu wamefurahi. Tawi kubwa hilo. Wakauliza, na lile neno wanaloitikia?

"Ndiyo kaulimbiu yetu," akasema mwenyekiti.

Asubuhi Mzee Ame akachungulia mlangoni. "Mzee Yussuf, arubaini lini?"

Mzee Yussuf akaingia ndani kuitafuta kalenda.