Bonde Nililolifukia kwenye Uwanja wa Gofu

Nakumbuka siku moja, nikiwa kijana, nilisimama nyuma ya greda pale Mkula, kifua mbele, nikiamini nimemzidi akili fundi aliyechora uwanja wa gofu. Mwanangu, niliishia darasa la saba, na huenda mengine nimeyasahau, hili sijalisahau.

Fundi huyo alikuwa mgeni, mzee mpole. Alituonyesha picha za viwanja vinavyosifiwa duniani: mmoja mkongwe wa Uskoti kando ya bahari, ambako inasemekana mashimo ya mchanga yalianzishwa na kondoo wakijikinga na upepo, mwingine wa Marekani juu ya majabali, mpira ukipigwa unavuka maji. "Hakuna hata mmoja uliosawazishwa," akasema. "Ardhi ilishachora, sisi tunaifuata." Akaniachia mimi, mnyapara wa vibarua, usimamizi wiki moja, akanikataza wazi nisiguse bonde la katikati. Sitamsingizia kwamba hakuniambia.

Lakini mimi, uwanja niliojua ni wa mpira wa miguu, tambarare. Nikamwagiza dereva wa greda alifukie lile bonde.

Ikanyesha mvua kubwa ya masika. Maji hufuata mkondo; yalipoukosa, yakaingia kwenye ngitili ya mjomba wangu Masunga, malisho anayoyafunga masika yote ili ng'ombe wake wapate nyasi kiangazi. Mjomba akaja, tope magotini.

"Umeitandika ardhi kama mkeka, baba. Wageni wanakuja kucheza au kulala?"

"Mjomba, dereva ndiye..."

"Dereva alitumwa na nani? Nusu ya ngitili iko chini ya tope. Kiangazi ng'ombe watakula maneno yako?"

Fundi aliporudi, nilimweleza mwenyewe kosa langu. Hakunifukuza. Alimwendea mjomba, akamwomba amwonyeshe maji yalikopita tangu zamani, tukalifukua bonde kwa majembe siku sita. Nyasi hazikurudi mwaka ule. Kiangazi kizima niliswaga ng'ombe wa mjomba hadi kule Lagangabilili kutafuta malisho, na nilistahili.

Leo mnaona kwenye simu viwanja vya kijani katikati ya jangwa, mnadhani mashine inaweza yote. Inaweza mengi, sikatai. Ila, mwanangu, kabla hujaigusa ardhi, muulize aliyechunga juu yake. Na ukikosea, litaje kosa lako kabla halijamwangukia uliyemtuma.

Mungu akupe mkono mzito wa kubomoa na mwepesi wa kutengeneza. Mji wako upate watoto, maziwa na amani.