Maneno ya Mgeni Yasigeuke Amri

Bado naiona ile asubuhi ya Julai, mwanangu, ukungu umeshuka Karatu mzito kiasi kwamba ungeweza kuukata kwa panga ukauuze sokoni. Nilikuwa kijana, nimetoka kumaliza masomo ya jioni, na cheti changu nilikitundika ukutani ofisini kana kwamba kompyuta niliivumbua mimi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi, mali ya umoja wa wenye kambi na nyumba za wageni. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa ndani ya kompyuta yetu kiasi cha kupanda vitunguu vikaota. Lakini iliwaka! Mwenzangu Tluway ndiye aliyetengeneza tovuti ya umoja, na mimi nilijibu barua pepe kwa Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe walikuwa bado hawajakisikia.

Raha ya tovuti ile ilikuwa ukurasa wa maoni. Mgeni akishashuka kreta, lile bonde la wanyama, na kurudi kwao, anatuandikia. Mmoja alidai chai ya Mama Agnesi imemponya mafua aliyotoka nayo Ulaya. Mama Agnesi alikuwa mjane wa kijijini Daa, ana mahema machache nyuma ya shamba lake la mahindi. Hakuwa na bango barabarani wala kampuni ya kumletea watu. Maneno ya wageni ndiyo yaliyomlisha yeye na binti zake.

Basi asubuhi hiyo aliingia ofisini amejifunga blanketi, nyuma yake mzee na bibi wa Kizungu wanatetemeka.

"Wanasema wameweka nafasi kwangu na wameshalipa," alisema. "Mimi siwajui, na mahema yangu yote yana watu."

Tukafungua tovuti. Ukurasa wa maoni ulitokea, na kabla hujapepesa jicho ukaruka kwenda ukurasa mwingine uliofanana na wetu kama pacha. Ila namba ya simu haikuwa ya Mama Agnesi.

"Ni mtandao tu unasumbua, mama," Tluway alimwambia.

"Mtandao gani huo, baba, unaojua kubadilisha namba yangu?"

Akawachukua wale wazee, akawapa chumba chake mwenyewe, yeye akahamia jikoni. Alipokuwa anatoka aligeuka mlangoni. "Hawa hawana kosa. Lakini wakija wengine kama hawa, nafunga kambi. Jina likichafuka msimu huu, nitatoa wapi lingine?"

Tluway akachimba, akaiona shida. Kulikuwa na mtu aliyejifanya mgeni, na katikati ya sifa zake za simba na twiga alikuwa amepachika kipande cha amri za kompyuta. Kila aliyefungua ukurasa wetu, kivinjari chake, ile programu ya kufungulia tovuti, kiliitekeleza amri ile na kumpeleka kwenye ukurasa wa mwizi, pesa za nafasi ziishie huko. Tluway akayafuta maoni yale, akaweka kizuizi: yeyote atakayeandika neno "script", ambalo ndilo hufungulia amri za namna hiyo, akataliwe. Tukanywa chai kwa fahari ya majenerali.

Chai haijapoa, ukurasa umeruka tena. Safari hii mwizi alikuwa ameweka picha isiyofunguka, na amri yake kaifunga humohumo, ifanye kazi picha ikishindwa. Lile neno letu hakuligusa kabisa!

"Tuufute ukurasa wote wa maoni," Tluway alisema kwa hasira.

Nikampigia Mama Agnesi. "Ukifuta maoni," alijibu, "umeifuta na kambi."

Tukaenda kwa Madam Valeria, aliyetufundisha kompyuta jioni. Tulimkuta anapalilia maharage yake.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Mmeharibu nini?"

Tukamweleza yote, hadi Mama Agnesi kulala jikoni. Alifuta mikono kwenye khanga, akaisoma kazi ya Tluway kwenye laptopu mstari kwa mstari. Kisha akavua miwani.

"Tluway, si ulikuwepo kanisani siku Mzee Bura alipotutoa nje?"

Nikaangua kicheko. Wewe hukuwepo, mwanangu, ngoja nikueleze. Kanisani kwetu Endamarariek, Mzee Bura alikuwa msomaji wa matangazo. Ukimpa karatasi, anaisoma. Jumapili moja watundu wakamchomekea iliyoandikwa, "Waumini wote wasimame, watoke nje kuwapokea wageni kutoka Ololosokwan." Naye akaisoma kwa ile sauti yake ya radi. Kanisa zima likatoka, kwaya inaimba, mchungaji mbele na joho lake. Nje tukamkuta punda.

"Kosa la Mzee Bura lilikuwa nini?" madam aliuliza.

"Hakuikagua karatasi," Tluway alijibu.

"Utakagua mpaka lini? Watundu wana ujanja elfu, na wewe leo umeona wa pili tu. Angesema, 'Hapa kuna mtu ameandika hivi,' tungecheka tukakaa. Yeye aliitoa kama agizo la kanisa, tukaitii kwa sababu tunamwamini. Tovuti yako ni Mzee Bura, Tluway! Mgeni anaandika, wewe unayachomeka maneno yake kwenye ukurasa kama yalivyo. Kivinjari cha msomaji kitajuaje kipi chako na kipi cha mwizi? Kinatii vyote. Na anayelala jikoni ni Mama Agnesi."

Tluway aliinama. Mimi pia kicheko kilikauka.

Akatukalisha palepale uani. Akatuonyesha kwamba zile alama zenye pembe, < inayofungua na > inayofunga, ndizo zinazokiambia kivinjari hapa si maandishi ya kawaida tena. Kwa hiyo seva, yaani kompyuta inayoitunza tovuti, kabla ya kutoa neno lolote la mgeni, izigeuze alama hizo ziwe za kusomwa tu. Na iwe kila mahali: jina, nchi, maoni. Tulipowinda tukakuta hata kisanduku cha kutafuta kina ugonjwa uleule, kwa kuwa kilirudia ulichoandika kama ulivyokiandika. Mwisho akatufundisha seva iviambie vivinjari vitii amri za mafaili yetu wenyewe, za wengine vizikatae.

Mwizi hakukata tamaa, alirudi wiki ileile. Lakini ukurasa ulitulia tuli, na mtego wake wote, sasa maandishi matupu, ukaanikwa pale kama nguo kwenye kamba. Mama Agnesi alikuwa amekuja kutazama. Akasogeza uso kwenye skrini, akajaribu kuusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, alama kwa alama, akashindwa.

"Huyu mgeni ni wa nchi gani?" aliuliza. "Ananisifu au ananitukana?"

Tulicheka mpaka nadhani faru kule chini kreta waliinua vichwa.

Madam ametutangulia sasa, na pale ofisini siku hizi wanauza simu. Natamani ungemsikia akisema "mmeharibu nini". Basi, mwanangu unayeanza kazi ya kutunza tovuti, nisikilize mimi badala yake. Mkaribishe mgeni aandike atakacho, hata kama ni upuuzi, lakini maneno yake yabaki maneno. Usitegemee kuwajua wabaya kwa sura, wanabadilika kila siku. Pale unapoyatoa ukurasani ndipo uyafunge yasigeuke amri, kila pahali bila kubagua, na programu za seva usiziache zizeeke. Na ukiona ukurasa umeruka, usimwambie mama wa watu eti ni mtandao.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kurekebisha. Watu waendelee kufungua kazi za mikono yako bila hofu, na jina lako likitajwa nyumbani kwa mtu, uwekewe kiti.