Vipimo vya Mzee Magesa

Ukitaka kubisha, bisha. Mimi nimeshachoka kubishana. Haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Usingizi nilikuwa nao, hilo sikatai.

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Mwanza iliyotunza vipimo vya kina cha ziwa. Kila kituo kilikuwa na rula ndefu ya chuma iliyosimikwa majini, na msomaji wa kuisoma kila asubuhi. Namba zake tuliziingiza kwenye seva, ile kompyuta kubwa yenye kumbukumbu zote. Wenzetu wengi walikuwa wameshapunguzwa kazini. Mimi nilikuwa na miezi minane tu pale, kazi yangu mashine, wasomaji wa vituo sikuwajua.

Alhamisi moja seva ikaanza kugonga ndani, kama mtu anayegonga kucha mezani. Kisha ikaandika kwamba haiwezi kusoma diski. Nikaizima, nikaiwasha, ikaandika vilevile. Nikaitafuta kanda ya nakala za akiba, nikakuta tupu. Bosi wangu, Mama Koku, Mhaya mpole asiyepandisha sauti, akaniambia, "Mwanangu, Jumatatu wakaguzi wanakuja kuangalia kama kitengo hiki kina faida. Wasipokuta kumbukumbu, tunafungiwa sote."

Nikahangaika na programu ya kukarabati diski. Inasoma, inakwama, inaleta ujumbe mwingine, inaniuliza kama ifute kilichoharibika. Ukijibu ndiyo, faili litapona au litapotea, hujui mpaka imalize. Kufikia Jumamosi alasiri nilikuwa nimerudisha vituo vyote isipokuwa kimoja, cha Ukerewe. Faili lake la miaka mitatu lilikuwa limekatika vipande visivyo na jina. Nikalaza kichwa mezani.

Nilipokiinua, mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni, suruali imelowa hadi magotini, mkononi ana madaftari ya shule ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi ni Magesa, msomaji wa Ukerewe. Nasikia vipimo vyangu vimepotea."

Nilipaswa kujiuliza amesikia kwa nani, sivyo? Simu ya ofisi ilikuwa mbovu wiki nzima. Lakini niamini, mtu aliyechoka vile haulizi. Nikamvutia kiti. Akaanza kusoma, tarehe na kipimo, tarehe na kipimo, nami nachapa kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Hakukohoa, hakuomba maji. Mara moja tu nilimwuliza, "Mzee, hujachoka miaka yote hii?"

"Nimechoka sana," akasema. "Lakini hawajaleta mtu wa kunipokea."

Akasoma mpaka kipimo cha asubuhi ya siku ileile. Akafunga daftari, akaniaga, akatoka.

Jumatatu Mama Koku alipitia namba za Ukerewe nilizomchapia karatasini, akavua miwani. "Nani amekupa hizi?"

"Mzee Magesa mwenyewe."

Akazirudisha karatasi mezani. "Magesa tulimzika mwaka jana. Nilikwenda Ukerewe mwenyewe, nikatupia udongo. Tangu hapo kituo hakina msomaji. Mwaka mzima hatuna namba hata moja."

Tukaulinganisha mwaka ule na rula ya hapa mjini. Maji yalipopanda hapa, na kwake yalipanda. Yaliposhuka, yalishuka. Baadaye nilifaulu kusoma kipande kimoja cha lile faili lililokatika, na namba zake zikalingana na alizonisomea mzee, hadi sentimita ya mwisho.

Waliokuja waliridhika, kitengo hakikufungwa. Mama Koku aliandika barua mara tatu kuomba msomaji wa Ukerewe, akajibiwa kwamba ajira zimesitishwa. Hapo ndipo nilipoacha kazi ile. Ningeendeleaje, huku najua nani anaingia majini kila asubuhi?

Siku hizi natengeneza kompyuta pale Mirongo. Nikianza kusinzia namsikia, tarehe na kipimo, na tarehe ni ya leo. Mke wangu ameshazoea, ananiamsha tu bila kuuliza.

Basi wewe unayetunza kumbukumbu za watu, diski yako ikianza kugonga, usingoje. Nakili mapema, kabla hajaja mtu kukusaidia.