Lambo Lililongoja London

Watu wananiambia mambo ya wakoloni niyaache, yamepita. Yamepita kwao. Mimi nilizaliwa Shinyanga, kwenye kaya yenye ng'ombe, na najua tulivyofilisika.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Bwana maendeleo, Mwingereza kijana, alikuja na mkalimani kumwambia baba kwamba London imetoa msaada wa kutuchimbia lambo. Mahali palipowafaa palikuwa ngitili yetu, lile eneo tulilolifunga kila masika ili majani yake yawaokoe ng'ombe kiangazi. Baba akalitoa. Kisha akafanya jambo ambalo Msukuma mwenye akili zake hafanyi: akawarudisha nyumbani ng'ombe wote aliokuwa amewagawa kwa ndugu. Sisi hatuweki mifugo yote zizi moja. Ukame ukipiga huku, walioko kwa shemeji kule wanapona. Lakini baba alisema maji yanakuja, kwa nini ndugu waendelee kukamua maziwa yetu?

"Baba watoto, ngoja kwanza tuyaone hayo maji," mama akasema. Akaambiwa anyamaze.

Trekta likang'oa ngitili yote, shimo likafika kiunoni, kazi ikasimama. Mkalimani ndiye aliyetuletea habari: bunge lao huko limepitisha sheria mpya, ofisi iliyoshughulikia misaada ya makoloni imevunjwa na kuunganishwa na nyingine, na mipango yote itaangaliwa upya.

"Sasa ng'ombe wanywe sheria?" baba akauliza.

Kiangazi kikatukuta hivyo, maji hatuna, majani hatuna. Kuwarudisha kwa ndugu haikuwezekana. Walishakonda, safari hawaiwezi. Asubuhi tuliwainua kwa kuwashika mikia, jioni wakaanguka tena. Nilimchukia baba, na nikawachukia zaidi wale mabwana waliokuwa wakibishana vitini mwao huku sisi tukichuna ngozi. Mama alichuna bila kusema neno, na kimya chake kilimuumiza baba kuliko matusi.

Mvua ziliponyesha, akaja bwana mwingine, wa ofisi mpya, na mpango mpya. Akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba kabla ya msaada wowote lazima wenyeji tupunguze ng'ombe.

"Tumeshapunguza, bwana," baba akasema, akamfungulia zizi aone.