Kitenge cha Kazi Kinalala Nje

Saa kumi na moja jioni, geti la kiwanda cha papaini mjini Beni linafunguliwa. Kavugho anatoka macho mekundu, nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga. Ng'ambo ya barabara binti yake Keren anamwona, anakimbia, mikono juu ili abebwe.

"Simama hapo! Usiniguse!" Kavugho anapiga kelele huku akirudi nyuma.

Mpita njia anaguna: "Mama gani huyu anakimbia mutoto wake?"

Kavugho anajua anachokimbia.

Kazi yake ni kuchekecha utomvu wa mapapai uliokaushwa mpaka uwe papaini, unga laini, ule unaopelekwa ng'ambo kulainisha nyama. Vumbi lake huwasha pua na kubana kifua. Wanawake hujifunga kitenge mdomoni. Wakitoka hukikung'uta, halafu kitenge hichohicho humfunga mtoto mgongoni.

"Miye hapana jua," anasema. "Kitenge ni kitenge. Asubui ya mudomo, magaribi ya mutoto."

Keren alianza kukoroma kifuani kabla hajajua kutembea. Dawa za malaria, za minyoo, maombi ya kanisani: hakuna kilichosaidia. Kavugho akaamini ni sumu, na mwenye kuitia akamjua moyoni: jirani yake Hulda, aliyezoea kumletea mtoto uji. Akaacha kumsalimu. Bakuli likawa linarudi limejaa.

Kisha vita vikafika mtaa wao wa Ruwenzori. Watu walikimbia kuelekea kusini, kila mtu na furushi lake, na Kavugho akajikuta njia moja na Hulda. Huko Musienene wakapewa chumba kimoja. Keren akapona bila dawa. Kavugho hakuelewa: mwenye sumu analala pembeni yake, na mtoto anapumua vizuri!

Siku ya soko mvua ya baridi ikawakuta njiani, wakaingia chumbani wakitetemeka. Kavugho akafungua furushi, akatoa kile kitenge cha kiwandani, hakijafuliwa tangu wakimbie, akamfunika mtoto gubigubi. Kabla mvua haijakatika, kifua cha Keren kilikuwa kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani.

Hulda akampokonya mtoto na kukitupa kitenge matopeni. Palepale akaanza kupiga chafya.

"Hii kitenge ni ya wapi?"

"Ya kazi."

"Aka! Ndiyo hii! Kila dimanche nikiikala pembeni yako mu kanisa, pua inaniwasha. Nilifikiri ni parfum yako!"

"Parfum nitapata wapi, yaya?" Kavugho akajibu, akimwita dada.

Wakacheka, machozi yanawatoka. Hulda akakaa mlangoni amemshika mtoto wima, hewa safi impate, mpaka ile filimbi ikanyamaza. Kavugho akamweleza yote aliyomdhania.

"Donc uji yangu mutaikunywa sasa?" Hulda akauliza.

Leo wamerudi Beni. Vita havijaisha, na kazi nyingine haipatikani. "Namushukuru Mungu kwa yaya Hulda," anasema Kavugho. "Hata kwa mbio ile namushukuru. Kama tungebakia, ningemuzika mutoto wangu na kusema ni yeye alimuua."

Kila mama mpya akiingia kiwandani, Kavugho humwambia kitenge cha kazi kisiguse mtoto. Wengine wanamcheka, wanamwita Mama Docteur. "Muache bacheke," anasema. "Lakini basifunge batoto na ile kitu."

Kifua chake mwenyewe kimeanza kubana, na hilo linamtia hofu. Njia ikitulia, yeye na Hulda wanataka kurudi Musienene kulima maharagwe.

Kwa sasa anaingia uani kwa Hulda. Kitenge cha kazi kinabaki kwenye msumari, nje. Anaoga, anasugua nywele, anavaa nguo safi. Hulda anamletea kitenge kingine kilichokunjwa, kisichojua njia ya kiwandani.

Keren, aliyemfuata kwa mbali toka getini, amesubiri pale mlangoni muda wote.

"Mama, sasa?"

Kavugho anainama, anampa mgongo apande. "Sasa, mama. Kuya."