Nyota ya Bahari Iliyokwama Komarock

Utotoni mwangu pale mtaa wa Komarock, Nairobi, miaka ya tisini, hakuna kitu kilichonichosha kama sanamu ya Bikira Maria ya jumuiya yetu ya kanisa. Mungu anisamehe. Ilikuwa ya plasta, pua imebanduka kidogo, na kazi yake ilikuwa kutembea. Kila nyumba ilikaa nayo wiki moja, majirani wakaja kusali rozari na kunywa chai, kisha ikahamia nyumba inayofuata. Ilipofika kwetu, ikakwama.

Sababu ilikuwa Baba. Alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, na tangu aondoke Mombasa hatukuwa tumesikia neno lake. Mama, mzaliwa wa Machakos ambaye bahari aliiona kwenye kalenda tu, alikuwa ameambiwa na wake wa mabaharia kwamba Maria ni Nyota ya Bahari, mlinzi wa wasafiri wa majini. Hapo sawa. Lakini akaongeza lake: sanamu ikitoka kabla mwenye nyumba hajarudi, meli itazama. Nani alimwambia? Hakuna! Akaielekeza dirishani, upande aliodhani ni Mombasa. Mimi niliona inatazama tangi la maji la jirani.

Jioni ilikuwa litania, ile sala ya kumwita Maria kwa majina yake yote ya sifa. Tukifika "Nyota ya asubuhi", Mama anachomeka "Nyota ya bahari" kwa sauti kubwa.

"Mama Mwende," mwenyekiti wa jumuiya akamwambia, "hiyo haiko kwa kitabu."

"Wewe unafanya kazi sokoni Gikomba, mwenyekiti. Wangu ako kwa maji."

Basi asubuhi moja akaja Mama Kioko, jirani wa ng'ambo ya barabara, mtoto mgongoni. Walikuwa wametoka hospitali na dawa za kifua, lakini pumzi ya mtoto ilisikika mpaka jikoni.

"Mama Mwende, nisaidie. Sanamu ilikuwa ije kwangu. Si Maria ndiye Afya ya Wagonjwa kwa litania?"

"Ngoja mzee arudi."

"Atarudi lini?"

Mimi uvumilivu ukaniisha. "Mum, si Maria ni mmoja tu! Atashindwa aje kuwa baharini na kwa Mama Kioko?"

Nilingoja kofi, halikuja. Mama alikuwa anasikiliza kifua cha yule mtoto. Kisha akaichukua sanamu, akaifunga kwenye leso yake nzuri, akavuka nayo barabara mwenyewe. Aliporudi akaketi sakafuni akalia kama aliyefiwa. Nilizidi kukasirika.

"Lakini Baba hajakufa!"

"Nyamaza, Mwende. Hujui nimefanya nini."

Mtoto akapona, kwa dawa au kwa sala, kila mtu na lake. Baba naye akarudi, kanenepa. Kumbe injini iliharibika, meli ikafungwa bandarini huko ughaibuni muda wote ule, wao wakicheza karata. Nikashangilia kwa ushindi.

"Umeona, Mum? Hakuwa hata baharini!"

"Na nani aliiharibu hiyo injini?" Mama akauliza, akiendelea kukata sukumawiki.

Nilitaka kujigonga kichwa ukutani. Tumebishana juu ya jambo hilo hadi nimekuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na hajawahi kurudi nyuma hata inchi. Ukimgusa hapo, anakuanzishia litania.

Mimi siamini mpaka leo. Plasta ni plasta. Lakini kwa miaka mingi nilijiona ndiye niliyekuwa na akili siku ile, na sasa hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mimi nisiyeamini, kuitoa sanamu kusingenigharimu kitu. Mama aliamini. Kwa imani yake, asubuhi ile alikuwa anamzamisha mumewe ili mtoto wa jirani apumue. Na bado alivuka barabara.