Mtani wa Bibi Katika Kitabu cha Katuni

Mpwa wangu alinikera wiki iliyopita, na mpaka leo, ndugu yangu, sijapoa. Nilikuta kitabu cha katuni cha utotoni kwenye sanduku la marehemu bibi, kule Mafiga, nikampa binti huyo wa dada yangu kwa mbwembwe zote. Akapekua simu kidogo, akasema, "Mjomba, kumbe vichekesho vyote vilivyofichwa humu vimeshaelezwa mtandaoni."

Kitabu kilitokana na katuni tuliyokuwa tukiichungulia dirishani kwa jirani mwenye televisheni. Mchoraji alikijaza mambo ya kwao ng'ambo: mabango ya sinema ukutani, majina ya bendi kwenye fulana. Sisi tungejulia wapi? Milima iliyochorwa nyuma tuliamua ni Uluguru, na hakuna aliyebisha. Lakini kila ukurasa, pembeni, alikuwepo bwana mmoja mfupi asiyesema neno. Harusini anakimbia na keki. Msibani ameng'ang'ania jeneza, anacheka. Nilimuuliza mwalimu, akanifukuza nikafanye hesabu.

Bibi alikuwa akimenya njegere za Mgeta uani. Alitupa jicho mara moja tu. "Si mtani wao huyo? Wampe chochote, atawapisha." Akanieleza jinsi watani wa ukoo wetu walivyokuwa wakija msibani, wakalala kaburini, wakamwiga marehemu anavyotembea, mpaka wafiwa wakacheka na machozi yakiwatoka. Tangu hapo kila ukurasa tulimtafuta yule bwana kwanza. Bibi alimtukana kwa raha zote, maharage yakaungua jikoni, naye akamsingizia mtani kwamba ndiye aliyekoleza mkaa. Nilikuwa na raha siku zile, sikufichi.

"Ni mchekeshaji wa filamu za zamani za huko," mpwa wangu alisoma. "Mchoraji alimpenda tu, akawa anamweka kila mahali. Hana maana nyingine."

Nikamjibu kwa ukali zaidi kuliko ilivyostahili kwamba maana anayo, bibi alishasema yule ni mtani.

"Mtani? Si wale wa mpira?"

Hapo nilichoka kabisa. Kumbe hata neno lenyewe wameachiwa mashabiki wa mpira. Lakini kwetu Waluguru mjomba ndiye anayetakiwa kumfundisha mtoto wa dada yake mambo ya ukoo, basi nikameza hasira, nikakaa vizuri, nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Safari hii alisikiliza. Alicheka hata pa kulala kaburini.

"Sasa mjomba, watani wetu sisi ni ukoo gani?"

Mabango ya kitabu kile nayakumbuka moja baada ya jingine, ila jina hilo sina. Nikampigia simu mama, nikamwamkia, nikamuuliza.

"Hayo alikuwa nayo bibi yako," mama alisema. "Mimi nilijua amekwambia wewe."